Namna ya Kubadilisha Sauti ya Amplifaya ya Gitaa kwa Kurekebisha Vidhibiti Vyake

Amplifaya nyingi za gitaa zina vidhibiti vitatu vya toni, yaani besi, kati na trebo, na mpigaji huvizungusha akiamini kwamba kila kimoja huongeza au hupunguza kitu chake bila kugusa vingine. Imani hiyo ndiyo inayowahangaisha wapigaji wengi ukumbini: mtu hupandisha trebo ili solo isikike, kisha hupandisha besi kwa sababu sauti imekuwa kali, na mwishowe gitaa linamezwa na tarumbeta na ngoma. Mwongozo huu unaeleza vidhibiti hivyo hufanya kazi gani hasa, ni vipuri gani vidogo vinavyoamua tabia yake, na namna ya kuvibadilisha vipuri hivyo pasipo kuharibu amplifaya wala kuhatarisha maisha. Nimeuandika kwa kuzingatia muziki wa dansi, kwa sababu mji wa Tanga, uliozilea Jamhuri Jazz na Atomic Jazz, unaujua muziki huo kwa undani, na katika dansi magitaa matatu au manne hupigwa kwa wakati mmoja na kila moja halina budi kusikika.

Saketi ya toni hupunguza, haiongezi

Katika amplifaya za valvu, yaani zile zinazokuza ishara kwa taa za kioo, na katika baadhi ya zile za transista zilizoiga valvu, saketi ya toni haiongezi chochote. Ishara ya gitaa ikishakuzwa na valvu hupitishwa kwenye kapasita tatu (vipuri vinavyopitisha sauti za juu kwa urahisi kuliko za chini) na rezista chache (vipuri vinavyozuia mkondo), na vidhibiti huamua ni kiasi gani cha kila sehemu ya masafa, yaani kasi za mitetemo ya sauti, kitakachopotea njiani. Ukitaka kulithibitisha jambo hili, chukua amplifaya ya aina ya Fender Twin Reverb, rudisha vidhibiti vyote vitatu hadi sifuri, kisha piga. Sauti itatoweka karibu yote, ijapokuwa kidhibiti cha ukubwa wa sauti kiko nusu. Sasa pandisha kidhibiti cha kati peke yake hadi 10 huku besi na trebo zikibaki sifuri. Sauti itakayotoka haitakuwa ya kupendeza sana, lakini ndiyo inayokaribia zaidi gitaa lenyewe kabla saketi haijalikata popote. Ukipandisha trebo hadi 6 na besi hadi 5, kisha ukashusha kati hadi 3, utasikia sauti ikinyooka kwa juu na kujaa kwa chini, na katikati yake pakichimbika bonde.

Bonde hilo, katika saketi ya Fender ya miaka ya 1960, liko karibu na Hz 400, yaani mitetemo 400 kwa sekunde. Hebu tulinganishe na gitaa: uzi mnene kabisa ukiachwa wazi hutoa Hz 82, uzi mwembamba kabisa hutoa Hz 330, na freti ya 22 ya uzi huo mwembamba hufika takribani Hz 1,175. Kwa hiyo bonde linakata palepale ambapo solo hupigwa, na kinachobaki ni mngurumo wa chini unaogombana na gitaa la besi na mchakacho wa juu unaogombana na matoazi. Ukipiga peke yako chumbani sauti hiyo ni tamu kweli, kwa sababu hakuna chombo kingine kinachodai nafasi. Ukiingia katika bendi, utamu huo ndio unaokupoteza. Ningependa kila mpiga solo alishike jambo hili kabla hajanunua kifaa chochote: kinachombeba ukumbini ni masafa ya kati, na trebo haiwezi kuyaziba pengo lake.

Mambo ya kufanya kabla ya kufungua kasha

Hewa ya bahari ina chumvi, na chumvi hula kila kitu kilicho wazi. Amplifaya iliyokaa Chumbageni au Raskazone kwa misimu kadhaa bila kufunikwa huanza kukwaruza unapozungusha vidhibiti, na wakati mwingine kidhibiti hupoteza kabisa sehemu ya mzunguko wake, ukadhani kuwa toni haifanyi kazi ilhali ni kutu tu. Nyunyizia dawa ya kusafishia viunganishi vya umeme ndani ya kila volyumu (kipuri kilicho nyuma ya kila kidhibiti cha kuzungusha), izungushe mara nyingi kutoka mwanzo hadi mwisho, uiache ikauke, ndipo uanze kuihukumu sauti. Safisha pia tundu za jeki, kwa maana jeki yenye kutu hukata masafa na kuleta mvumo.

Kisha angalia mahali unapoisikilizia. Spika ya gitaa hutupa trebo mbele yake kama tochi, na anayesimama pembeni au juu yake huipata kidogo mno. Mpigaji aliyeweka amplifaya sakafuni, miguuni pake, hupandisha trebo hadi aridhike yeye, na walio mbele wanaumia masikio. Iinue juu ya kiti au iegemeze nyuma ili spika ikuelekee usoni, halafu umwombe mwenzako apige huku wewe ukiwa hatua kumi mbele. Wengi wakishafanya hivyo hugundua kwamba amplifaya yao haihitaji kufunguliwa hata kidogo.

Usalama

Sehemu hii isirukwe. Ndani ya amplifaya ya valvu kuna umeme wa volti 300 hadi 500 wa mkondo mnyoofu, na kapasita kubwa za kuchuja umeme zinaweza kuuhifadhi hata baada ya plagi kuchomolewa. Umeme huo unaua. Chomoa plagi, subiri dakika chache, kisha pima kila kapasita kubwa kwa mita. Ikiwa bado ina volti, ipunguze kwa kuiunganisha na chesisi, yaani sanduku la chuma linalobeba vipuri, kupitia rezista ya kilo-omu 10 yenye uwezo wa wati 5, ukiishika kwa koleo lenye mpini wa plastiki, na upime tena hadi mita isome karibu na sifuri. Usifanye kazi hii ukiwa peke yako nyumbani, wala ukiwa umesimama sakafuni pekupeku.

Kama amplifaya ililetwa ikiwa imetumika, soma kibandiko cha nyuma kabla ya kuichomeka. Iliyotoka Marekani hutaka volti 120 na iliyotoka Japani hutaka volti 100, ilhali umeme wetu ni wa volti 230, na bila transfoma ya kushusha umeme utaiunguza papo hapo. Waya wa ethi usikatwe kwa sababu yoyote, hata ukiambiwa kuwa unaleta mvumo. Tena usiiwashe amplifaya ya valvu bila spika, kwa kuwa transfoma yake ya kutolea sauti inaweza kuungua.

Vipuri vinavyoamua toni

Leo Fender aliiweka saketi ya vidhibiti vitatu katika amplifaya ya Bassman ya mwishoni mwa miaka ya 1950, ile inayojulikana kwa namba 5F6-A. Mwaka 1962 Jim Marshall na mafundi wake wa London waliinakili Bassman hiyo na kuiita JTM45. Baadaye viwanda hivyo viwili viliachana njia kwa kubadilisha namba za vipuri vichache tu, na tofauti ya sauti iliyopatikana bado inatambulika hadi leo kwa kusikia mara moja. Katika Fender Twin Reverb, rezista ya kugawia masafa, ile inayopeleka ishara kwenye kapasita za besi na kati, ni ya kilo-omu 100, kapasita ya trebo ni pikofaradi 250, ya besi ni mikrofaradi 0.1, ya kati ni mikrofaradi 0.047, na volyumu ya kati ni kilo-omu 10. Katika Marshall ya kawaida, rezista hiyo ni kilo-omu 33, kapasita ya trebo ni karibu pikofaradi 500, kapasita za besi na kati zote mbili ni mikrofaradi 0.022, na volyumu ya kati ni kilo-omu 25. Mchoro ni uleule. Bonde la Marshall ni fupi zaidi kwa kina na limesogea juu, baina ya Hz 500 na 800, na ndiyo maana gitaa lake husimama mbele ya bendi.

Anza na rezista ya kugawia masafa, kwa kuwa ndiyo yenye matokeo makubwa kwa gharama ndogo. Ukiishusha kutoka kilo-omu 100 hadi karibu 56, bonde linajaa, masafa ya kati na ya chini yanapanda, na gitaa linapata mwili. Huhitaji kuing'oa rezista ya kiwandani. Lehemu rezista ya kilo-omu 120 juu yake, mguu kwa mguu, na mbili hizo zikiwa sambamba zitakupa kilo-omu 54.5, ambayo kwa sikio haina tofauti na 56. Sauti isipokupendeza, unayeyusha risasi ya ncha mbili na amplifaya inarudi ilivyokuwa. Kumbuka tu kwamba katika saketi ya Fender rezista hii imebeba volti za valvu kwenye miguu yake yote miwili, hata kama haipitishi mkondo mkubwa, kwa hiyo isiguswe amplifaya ikiwa imewashwa.

Kapasita ya trebo hufuata, na hapa pia njia ya kuongeza juu ni bora kuliko kung'oa. Kapasita zilizounganishwa sambamba hujumlishwa, kwa hiyo pikofaradi 220 ikilehemiwa juu ya ile ya 250 inakupa 470, yaani karibu na Marshall. Kidhibiti cha trebo kitashuka na kuanza kugusa masafa ya kati ya juu, kikawa na uzito zaidi na ukali mdogo. Kwa mpiga solo ni badiliko zuri sana. Kwa mpiga ridhimu silishauri, kwa sababu ridhimu inapendeza ikibaki nyepesi na yenye kumetameta. Kapasita zote za sehemu hii ziwe za volti 500 au zaidi, kwani ndizo zinazozuia umeme wa valvu usipite kwenda kwenye volyumu, na kapasita ndogo ya redio ya volti 50 itapasuka.

Kapasita ya kati ikipunguzwa kutoka mikrofaradi 0.047 hadi 0.022, bonde linasogea juu na sauti ya nyuzi nene inanenepa. Hii lazima iondolewe na kuwekwa nyingine, kwa kuwa kuongeza juu yake kungeikuza badala ya kuipunguza. Kapasita ya besi ikipunguzwa, kidhibiti cha besi huacha kuamsha mngurumo wa chini kabisa na huanza kugusa besi ya juu, ambayo spika ya inchi 10 au 12 inaimudu vizuri zaidi.

Amplifaya kama Deluxe Reverb hazina kidhibiti cha kati kabisa. Mahali pake pana rezista moja ya kilo-omu 6.8 iliyoelekea kwenye ethi. Ukiibadilisha kwa rezista ya kilo-omu 15 utaongeza masafa ya kati moja kwa moja, na ukiweka volyumu ya kilo-omu 25 utakuwa na kidhibiti kamili, ambacho kinaweza kukaa nyuma ya chesisi kwenye tundu ambalo halitumiki ili uso wa amplifaya usitobolewe. Katika orodha nzima ya marekebisho, hili ndilo ningelifanya kwanza kwa mtu anayepiga dansi.

Unaponunua volyumu, soma herufi iliyochapwa kando ya namba. Katika volyumu nyingi za Asia, A ni ile inayopanda polepole mwanzoni kisha kwa kasi, na B ni ile inayopanda sawasawa. Ukiweka B mahali pa besi katika saketi ya Fender, mabadiliko yote yatatokea kati ya 0 na 3 na mzunguko uliobaki utakuwa hauna kazi. Wengi hulaumu kapasita kwa kosa la herufi hiyo.

Nje ya vidhibiti vitatu

Kuna kapasita moja ndogo inayounganishwa kwenye volyumu ya ukubwa wa sauti, kutoka mguu wa kuingilia hadi mguu wa kati, mara nyingi ikiwa na swichi yake. Inapitisha trebo pembeni ya volyumu, kwa hiyo nguvu yake ni kubwa sauti ikiwa ndogo, na volyumu ikifika mwisho haina athari yoyote. Fender aghalabu hutumia pikofaradi 120 na Marshall ya JCM800 hutumia 1,000. Kama amplifaya yako inakwaruza masikio ikiwa chini lakini inatulia ikipandishwa, sababu ni hiyo kapasita, na kukata mguu wake mmoja ni kazi ya dakika moja.

Kapasita iliyo kwenye kathodi (sehemu inayotoa elektroni) ya valvu ya kwanza ndiyo inayoamua besi itakuzwa kuanzia wapi. Ili kujua mahali inapoanzia, gawanya 159,000 kwa rezista ya kathodi hiyo iliyo katika kilo-omu ikizidishwa na kapasita iliyo katika nanofaradi, na jibu litakuwa katika Hz. Fender ina kilo-omu 1.5 na mikrofaradi 25, ambazo ni nanofaradi 25,000, na jibu ni Hz 4, maana yake hakuna besi ya gitaa inayoachwa. Baadhi ya Marshall zina kilo-omu 2.7 na mikrofaradi 0.68, na jibu ni karibu Hz 87. Valvu nayo ina ukinzani wake wa ndani, hivyo athari husikika hadi juu ya namba hiyo. Ukiondoa mikrofaradi 25 na kuweka 1, unapata Hz 106, na besi inayovimba na kuzibana nyuzi nyingine inakauka. Ukumbi wenye kuta za saruji na bati juu huongeza mngurumo wenyewe, kwa hiyo amplifaya yenye besi iliyokauka kidogo hupiga vizuri zaidi humo.

Kidhibiti cha presensi, kama kipo, hakimo katika saketi ya toni. Kinapunguza trebo inayorudishwa nyuma kutoka kwenye spika kwenda kwenye hatua ya nguvu (sehemu inayoisukuma spika), na trebo isiyorudishwa husikika zaidi. Katika Bassman ya 5F6-A ni volyumu ya kilo-omu 5 na kapasita ya mikrofaradi 0.1. Amplifaya isiyo nacho inaweza kuchangamshwa kwa kuikuza rezista ya kurudishia sauti, ambayo katika Deluxe Reverb ni omu 820, hadi omu 1,500 au zaidi kidogo: masafa ya kati ya juu yanajitokeza, sauti inapasuka mapema, na besi inalegea.

Amplifaya za transista zenye IC (kipuri kimoja chenye saketi nzima ndani yake) kama TL072 au 4558 mara nyingi hutumia saketi aliyoichapisha Peter Baxandall mwaka 1952, ambayo huongeza na kupunguza kwa kweli. Katika hizo namba 5 ndiyo isiyokata wala kuongeza, na usawazishaji uanzie hapo. Kama vipuri vyake ni vile vidogo mno vilivyobandikwa juu ya bodi, sishauri kuvigusa. Fedha hiyo inunue spika bora, au ikwaleza ya kukanyagia ambayo ina masafa ya kati.

Utaratibu wa kazi

Badilisha kipuri kimoja kwa wakati mmoja. Kabla ya kuanza, rekodi kwa simu kipande kifupi kilekile cha solo na kipande cha ridhimu, simu ikiwa mahali pamoja na vidhibiti vikiwa kwenye namba ulizoziandika. Baada ya kila badiliko rekodi tena. Sikio huzoea sauti mpya upesi na kuiona bora kwa sababu ni mpya. Namba za vipuri vya zamani na vipya ziandikwe kwenye karatasi na kubandikwa ndani ya kasha, ili fundi atakayeifungua baadaye asilazimike kubahatisha.

Uamuzi wa mwisho ufanyike bendi nzima ikiwa mazoezini. Gitaa la besi huanzia Hz 41, hivyo amplifaya ya ridhimu iweke besi yake kati ya 2 na 3 na kapasita ya kathodi ndogo, na imwachie mwenzake sehemu ya chini. Solo iwe na rezista ya kilo-omu 56 na kati iwe 7 au 8. Gitaa la pili libakize kapasita ya trebo ya kiwandani, ili lisikike juu kidogo ya solo pale mistari yao inapopishana. Pigeni wimbo mmoja mliouzoea kwa ukubwa wa sauti wa ukumbini, mtu mmoja akisikiliza kutoka mlangoni, na kila atakaposema kuwa gitaa fulani limepotea, kiguswe kwanza kidhibiti chake cha kati, kisha trebo ya yule anayelifunika, na ukubwa wa sauti uguswe mwisho kabisa.